Daftari la "Isipokuwa"

Kwa miaka tisa nilihudumu nyuma ya kaunta ya duka dogo la dawa huko Likoni, Mombasa, na kwa muda wote huo palikuwa na karatasi ukutani iliyoandikwa kwa kalamu nzito: "Antibiotiki hazitolewi bila cheti cha daktari." Chini ya kaunta, mahali ambapo mteja hangeweza kuona, palikuwa na daftari la shule lenye jalada la samawati. Nililianzisha mimi mwenyewe, kwa nia njema kabisa, ili niandike hali ambazo ile kanuni ya ukutani ingeweza kuwekwa kando. Kila ingizo lilianza kwa neno moja: isipokuwa. Daftari hilo lilinifundisha mjadala mzima wa falsafa kabla sijajua kwamba mjadala huo una jina, na naamini wengi wanaofanya kazi ya kuhudumia watu wanalo daftari kama hilo, hata kama hawajaliandika popote.

Kwa asiyeifahamu Likoni, niseme tu kwamba sisi tuko kusini mwa kivuko, na hospitali kuu ya rufaa iko ng'ambo, kisiwani. Feri haimtozi nauli anayevuka kwa miguu, lakini saa inazochukua si bure. Meli kubwa ikiwa inaingia bandari ya Kilindini, feri husubiri, na umati husubiri pamoja nayo. Ukivuka kuna matatu ya kulipia, kisha foleni, kisha ada ya kumwona daktari, na kwa kibarua wa siku kwa siku safari hiyo ni mshahara wa siku nzima uliopotea. Kwa hiyo watu walikuja kwangu. Waliniita "daktari", ingawa nilikuwa mteknolojia wa famasia tu, na sikuwa na ujasiri wa kuwakosoa kila mara.

Ingizo la kwanza katika daftari nalikumbuka vizuri. Alikuwa dereva wa tuktuk aliyevimba taya kwa jipu la jino, akashindwa hata kufungua mdomo vizuri. Hakuwa na cheti. Nilipiga hesabu pale pale: nikimpa vidonge, maumivu yatapungua, atafanya kazi, watoto wake watakula, nikimnyima, atateseka usiku kucha na pengine maambukizi yataenea. Madhara ya kumpa yalikuwa wapi? Sikuyaona. Nilimpa, na baadaye nikaandika: isipokuwa mtu mwenye uvimbe wa jino unaoonekana kwa macho. Ingizo la pili lilimhusu mtoto mwenye homa ya siku tatu. La tatu lilimhusu mteja ambaye cheti chake cha zamani nilikuwa nimekiona. La nne, mtu anayesafiri usiku huo huo. Sikuwa mzembe, wala sikuifanya kwa sababu ya faida, kwani vidonge sita vya shilingi 50 havimtajirishi mwenye duka. Kila uamuzi niliutazama peke yake, nikajiuliza jambo moja tu: je, kwa mtu huyu, leo, ni lipi litakaloleta heri zaidi na shari kidogo zaidi?

Nililipata jina la tabia yangu hiyo kwa binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma falsafa chuo kikuu na kurudi nyumbani likizoni na mkoba wa vitabu. Jioni moja tukiwa barazani, nilimsimulia kuhusu daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, hilo ulilolifanya watu wamelijadili kwa zaidi ya miaka mia moja."

Alinieleza kwamba mzizi wake ni falsafa ya manufaa, ambayo Jeremy Bentham wa Uingereza aliiweka wazi katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789, na ambayo John Stuart Mill aliitetea tena mwaka 1861. Msingi wake ni rahisi: jema ni lile linalozidisha furaha na kupunguza mateso ya wote wanaoguswa, na kila mtu huhesabiwa sawa na mwenzake. Ugomvi unaanza unapouliza, ni kitu gani hasa kinachopimwa kwa mizani hiyo? Wapo wanaosema kila tendo lipimwe kivyake. Tuuite msimamo huo umanufaa wa tendo. Wengine wanasema mizani ipime kanuni, yaani tutafute kanuni ambazo watu wakizishika kwa pamoja matokeo yatakuwa bora, kisha tendo lihukumiwe kwa kuzingatia kanuni hizo. Huo ndio umanufaa wa kanuni. Richard Brandt, mwanafalsafa wa Marekani, ndiye aliyezipa pande hizo mbili majina yanayotumika hadi leo, katika kitabu chake cha mwaka 1959, ingawa ugomvi wenyewe ulikuwa umeshapamba moto kabla ya hapo.

Niliposikia maelezo hayo, nilijitambua mara moja. Karatasi ya ukutani ilikuwa upande mmoja, nami nilikuwa nimesimama upande wa pili kwa miaka.

Kilichonigusa zaidi ni hoja ya David Lyons, ambaye mwaka 1965 aliandika kwamba umanufaa wa kanuni una hatari ya kuporomoka na kuwa kitu kile kile unachokikimbia. Tuseme una kanuni nzuri, kisha unakutana na hali ambamo kuivunja kungeleta heri zaidi. Mtu wa kanuni atasema, basi tuirekebishe kanuni, tuongeze "isipokuwa katika hali hii". Kesho inakuja hali nyingine, na unaongeza tena. Ukiendelea hivyo, kanuni yako itafikia mahali inaamuru kwa kila hali jambo lile lile ambalo mpiga hesabu wa tendo angeliamua, na hapo haijabaki kanuni tena. Binti aliposoma ukurasa huo nilinyamaza kwa muda mrefu. Daftari langu lilikuwa na maingizo arobaini na moja. Karatasi ya ukutani ilisema kuna kanuni, na daftari lilisema hakuna, na kwa vitendo vyangu daftari ndilo lililotawala.

Lakini kuporomoka kwa kanuni yangu kulikuwa na upande mwingine ambao sidhani unaonekana vizuri kutoka chumba cha kusomea. Maingizo yale hayakubaki siri. Sikumwonyesha mtu daftari, lakini mtaa uliyasoma kwa kutazama nani anatoka na nini. Mwaka haukwisha kabla sijaona kwamba watoto wote wanaoletwa kwangu wana homa ya siku tatu kamili, si mbili wala nne, na kwamba wasafiri wa usiku wameongezeka kuliko mabasi yanayotoka. Siwalaumu. Mama aliye na mtoto anayelia atasema neno lolote linalofungua kabati. Lakini kila "isipokuwa" niliyoiongeza kwa ajili ya mtu aliyeihitaji kweli iligeuka kuwa njia ya wote, na hesabu niliyoipiga kwa mtu mmoja ilikuwa imewahesabu watu mia bila mimi kujua.

Nilijaribu kuuziba mwanya huo kwa usiri. Niliwaambia baadhi ya wateja, "Pitia mlango wa nyuma, na usimwambie mtu." Nilijiambia kwamba tendo likifanyika kwa siri halimvuti mwingine, kwa hiyo madhara yake yanabaki madogo. Baadaye nilijifunza kwamba Henry Sidgwick, katika kitabu chake cha mwaka 1874, aliifuata hoja hiyo hadi mwisho wake kwa uaminifu mkubwa: kwamba kwa mfuasi wa manufaa, huenda likawa sawa kutenda kwa siri jambo ambalo lisingekuwa sawa kulipendekeza hadharani. Namheshimu kwa kutolificha tokeo hilo la nadharia yake. Lakini mimi niliuishi usiri huo, na niliona unavyowafanya wateja wawe wa aina mbili, wanaoujua mlango wa nyuma na wasioujua. Mzee mmoja niliyemrudisha mbele ya watu, kwa sababu wakati huo kaunta ilikuwa imejaa, alimwona jirani yake akitoka nyuma na kifurushi. Hakunigombeza. Aliniamkia kama kawaida siku zote zilizofuata, ila hakununua tena dawa kwangu, na hadi leo nikikumbuka jinsi alivyonitazama moyo hunishuka.

Sasa niseme kuhusu madhara yenyewe, kwa maana hapo ndipo nilipokuwa nimekosea zaidi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alipotoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945, alionya kwamba utafika wakati ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dawa hiyo dukani, na kwamba hatari itakuwa pale mtu asiyejua atakapomeza dozi pungufu. Alitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo anayemeza penisilini isiyotosha kuwaua vijidudu lakini inayotosha kuwafundisha kuistahimili, kisha akamwambukiza mkewe vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, na mke akafa kwa sababu dawa haikufaa tena. Angalia aliyedhurika katika mfano huo. Hakuwa mtu aliyesimama kaunta. Alikuwa nyumbani, na muuza dawa hakuwahi kumwona.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwapo mama mmoja jirani, mpishi wa mahamri, aliyesumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa muda wa miaka miwili nilimpa vidonge kila alipokuja, mara nyingi nusu dozi kwa kuwa hakuwa na pesa ya dozi nzima. Kisha ikaja mara ambayo vidonge havikusaidia, akapandwa na homa kali, akavushwa ng'ambo. Huko hospitalini mkojo wake ulioteshwa maabara, na ikaonekana kwamba vijidudu vilikuwa sugu kwa dawa zile za kawaida tulizokuwa tukizitumia. Alilazwa kwa siku tisa akidungwa sindano. Alipona, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilipokwenda kumtazama wodini nilitaka kujua kama ni mimi niliyemfanyia hivyo, na hakuna aliyeweza kunijibu. Huenda vilikuwa vidonge vyangu. Huenda vilikuwa vya duka jingine, au vijidudu hivyo vilikuwa vimeshapata usugu kwa mtu mwingine kabla ya kumfikia yeye. Hakuna kidonge kimoja kati ya vile nilivyotoa ambacho ungeweza kukishika na kusema hiki ndicho. Nikipitia upya hesabu zangu zote arobaini na moja, kila moja bado inaonekana sahihi ikitazamwa peke yake, na hata hivyo yule mama alikuwa kitandani.

Mwanafalsafa Jonathan Glover aliliweka jambo hili vizuri mwaka 1975 kwa mfano wa maharagwe. Watu mia moja wa kijiji wanakula chakula cha mchana, na kila mmoja ana bakuli lenye maharagwe mia moja. Majambazi mia moja wanavamia, kila mmoja anamnyang'anya mtu mmoja bakuli lake, na kila jambazi anajua kwamba amemshindisha mtu na njaa. Wiki inayofuata wanabadilisha mbinu: kila jambazi anachukua haragwe moja kutoka kila bakuli. Sasa hakuna jambazi aliyemdhuru mtu yeyote kwa kiasi anachoweza kukihisi, na bado wanakijiji wote wamekosa chakula. Sisi tumezoea kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sikuwahi kufikiri kwamba kibaba huweza kumalizwa kwa njia hiyo hiyo, na kwamba kila anayechota haba yake anaweza kuondoka akiwa na dhamiri safi.

Watu wa Likoni na Mtongwe hawahitaji mfano wa kubuni ili kulielewa hilo. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Hakuna mtaa wa upande wetu ambao haukupeleka jeneza. Idadi ya juu ya abiria huwekwa kwa sababu hakuna abiria mmoja ambaye uzito wake unaweza kuonekana. Ukimwuliza anayeruka ubaoni dakika ya mwisho kama yeye peke yake atalizamisha pantoni, jibu la kweli ni hapana, na jibu hilo ni la kweli kwa kila mmoja wao.

Binti wa kaka yangu hakunikubalia upesi nilipoanza kuisifu karatasi ya ukutani. Alisema mpiga hesabu mwangalifu wa matendo angeyahesabu hayo yote: usugu, mfano mbaya, uvumi wa mtaa na imani iliyopotea. Kwa hiyo kosa halikuwa la nadharia, lilikuwa langu, kwa kuwa nilihesabu vibaya. Hoja hiyo ni nzito, na nimeitafakari kwa miaka. Jibu lililonitosheleza ni la R. M. Hare, ambaye mwaka 1981 aliandika juu ya ngazi mbili za fikra za maadili. Alimchora malaika mkuu, anayejua matokeo yote, asiyechoka na asiyejipendelea. Huyo anaweza kupima kila tendo kivyake bila kukosea. Kwa upande wa pili akamweka mtu mwenye udhaifu wote wa kibinadamu, ambaye anahitaji kanuni imara alizokwisha kuzizoea, na akasema kila mmoja wetu ana kitu cha wote wawili, kwa viwango na nyakati tofauti. Saa mbili usiku, nikiwa nimesimama tangu asubuhi, mbele yangu kuna anayelia na aliyeko mbali hana sauti, sikuwa na chochote cha malaika. Makosa yangu hayakuangukia pande zote sawasawa hivi kwamba yangefutana. Yote yaliegemea kwa yule ninayemwona.

Mill mwenyewe, ambaye wanazuoni bado wanabishana aingizwe kundi gani, alitoa mfano ninaoupenda kwa sababu ni wa bahari. Alisema hakuna anayedai kwamba usafiri wa baharini haujajengwa juu ya elimu ya nyota kwa sababu tu mabaharia hawawezi kusubiri kuzikokotoa. Kwa kuwa ni watu wenye akili, huenda baharini na hesabu zikiwa zimekwisha kupigwa. Rubani anayeingiza meli Kilindini hakai kukokotoa mwendo wa mwezi wakati meli imeshafika mlangoni. Ana jedwali la maji kujaa na kupwa, anajua siku za bamvua na siku za maji mafu, na jedwali hilo lilitengenezwa na watu waliokaa chini, kwa utulivu, kabla ya meli kufika.

Hata hivyo sitaki nionekane kama nimegeuka kuwa mwabudu karatasi. J. J. C. Smart, aliyekuwa akifundisha Adelaide, Australia, aliwashutumu watu wa kanuni mwaka 1956 kwa jambo hilo hasa: ukijua kwa hakika kwamba kuivunja kanuni kutaleta heri zaidi, halafu ukaishika tu kwa kuwa ni kanuni, unaiabudu. Nilimkumbuka Smart usiku mmoja, baada ya kulifunga daftari na kuanza kuifuata karatasi bila kuyumba. Mama aliniletea mtoto wa miezi minane aliyepumua kwa kasi, kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, na hakuwa na cheti. Ningefanya nini, nimwambie avuke kwanza, apange foleni, kisha arudi? Nilimpa mtoto dozi ya kwanza, nikafunga duka, nikawasindikiza hadi kwenye feri, na feri ikawapeleka. Mtoto huyo yuko shule ya msingi sasa.

Kwa majuma kadhaa nilijiuliza kama nimerudi kwenye daftari. Kisha nikakutana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu watoto wagonjwa, unaotumiwa na wahudumu wa afya. Mwongozo huo unamtaka mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni za kasi, kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Akiwa na dalili za nimonia kali na inabidi apelekwe hospitali, apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kisha apelekwe haraka. Nililolifanya kwa kubahatisha lilikuwa limekwisha kufikiriwa na watu waliowatazama watoto wengi, likaandikwa kwa namna ambayo mtu aliyechoka anaweza kuikumbuka na mama hawezi kuigeuza kwa maneno, kwa sababu kinachoamua ni kifua cha mtoto chenyewe. Hiyo nayo ni "isipokuwa". Tofauti yake na zangu ni kwamba ilipimwa kwa wote kabla ya kutumiwa kwa mmoja, na iko wazi, tena inajifunzika. Brad Hooker, katika kitabu chake cha mwaka 2000, anashikilia jambo linalofanana na hilo: kanuni zipimwe pamoja na gharama ya kuzifundisha na kuzitia mioyoni mwa watu, kwa hiyo orodha isiyokwisha ya vighairi haiwezi kuwa kanuni bora, hata kama kila kighairi kina sababu yake. Nadhani hapo ndipo Lyons anapojibiwa, angalau kwa kiasi kinachonitosha mimi.

Sasa nasimamia duka jingine, na nina vijana wawili wanaojifunza kazi. Daftari lipo, jipya, na liko juu ya kaunta mahali ambapo kila mteja anaweza kulisoma. Kijana akikutana na jambo ambalo kanuni inaonekana kuliumiza, haruhusiwi kuamua peke yake isipokuwa kwa dalili za hatari tulizokubaliana, ambazo zote zinaishia kwa mgonjwa kupelekwa hospitali. Mengine anayaandika. Ijumaa baada ya swala tunakaa pamoja na daktari wa zahanati ya jirani, tunayasoma, na tukiona kanuni ina kasoro tunaibadilisha kwa wote na kubandika upya.

Ingizo la wiki hii ni la mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kwa majuma matatu, mahali pasipo na zahanati, aliyeomba dozi moja ya kubeba endapo atakatwa na mwamba na kidonda kikaoza, kama ilivyomtokea mwaka jana. Kijana alimnyima, kisha akaandika kwa mwandiko wa haraka kwamba hakuridhika na alichokifanya. Mimi pia sijaridhika. Mvuvi ametuachia nambari yake ya simu na chombo chake hakitoki kabla ya Jumatatu.